Nalipwa kuosha farasi, je naruhusiwa kuingia daraja la ridhaa?

BabaNeema_LEX

Wadau habari zenu, naomba anayejua haya mambo ya shoo za farasi huku Marekani anisaidie maana nimechanganyikiwa kabisa. Niko Lexington, Kentucky, huu mwaka wa sita, kazi yangu ni usaisi kwenye shamba moja nje ya mji, yaani kulisha, kuzoa mavi, kuosha, kusuka manyoya ya shingo siku za shoo na kuendesha lile trela. Kabla ya hapa farasi nilimjua kwenye picha tu, kwetu Fizi kule Kongo hakuna, na kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mnyama wa kubeba mzigo ni mgongo wako mwenyewe. Ila nimempenda huyu mnyama, tajiri akaona, akaniambia jifunze kupanda, nikajifunza, saa hizi naruka viunzi vya futi mbili na nusu bila kufumba macho.

Sasa mwezi ujao kuna shoo, tajiri kaniambia niingie Adult Amateur, ile ya watu wazima wa ridhaa. Nikafurahi. Jana jamaa tunayefanya naye kazi, Mmeksiko, mtu wa siku nyingi kwenye hii biashara, ananiambia wee acha, wewe unalipwa na shamba, wewe siyo ridhaa wewe ni wa kulipwa, utashinda halafu watakuja kukunyang'anya riboni mbele za watu. Nani mkweli hapo? Mimi nilidhani wa kulipwa ni wale wa kwenye TV.

La pili ni binti yangu Neema, huyo ananishinda mbali kwa kupanda, alianza kwa kusafisha vyumba vya farasi akawa anabadilishiwa na masomo. 1 Januari anatimiza 18 (tarehe ya makaratasi hiyo, sisi wa kambini wote tumezaliwa 1 Januari hahaha, ya kweli ni Septemba mwaka huohuo, mama yake ndo anaijua). Jumamosi anawafundisha watoto wadogo, anashika kamba farasi anazunguka, mama zao wanampa dola ishirini. Akifika 18 inakuwaje, tayari ameshajiharibia? Na hiyo fomu ya shoo ina madaraja mpaka kizunguzungu, Short Stirrup, Children's, Junior, Green, Amateur Owner, nilihesabu nikaacha. Mtu anieleze kama anavyomweleza mtoto.

MzeeWaDallas

Kaka ridhaa maana yake mtu ambaye bado hajaiva. Wewe miaka sita uko na farasi na unaruka viunzi, umeiva, ingia Open, lile daraja la wazi kwa wote, na wakubwa wenzio usisumbuke.

Kikuku_Kimoja

Mzee Dallas samahani baba lakini hapo umempoteza mwenzio. Mimi ni mtu wa Mombasa ila niko Virginia, ukarani wa shoo naufanya mwaka wa tisa huu, hizo fomu ndizo zanipa ugali, kwa hivyo nivumilieni niandike kirefu.

Ridhaa haihusiani na kuiva. Ni kama ngumi za ridhaa na ngumi za kulipwa, bondia wa ridhaa aweza kumlaza wa kulipwa raundi ya kwanza na bado akaitwa wa ridhaa. Sheria ya USEF, lile shirikisho la michezo ya farasi la Marekani ambalo ofisi zake ziko hapohapo Lexington kwenye Kentucky Horse Park, yaanza kwa kusema haijalishi una uwezo gani wala umeshinda nini. Kinachotazamwa ni pesa, na si pesa yoyote, ni pesa ya NINI. Bibi mwenye farasi kumi, ana kocha wake, ashinda kila wiki, huyo ni ridhaa. Mtu mzima anayeanguka kila Jumapili lakini mwezi uliopita alichukua dola kumi kumfundisha mtoto wa jirani kukaa juu ya farasi, huyo ni wa kulipwa. Najua yachekesha lakini ndivyo ilivyo.

Sasa kuhusu wewe baba Neema. Kulisha, kuzoa mavi, kuosha, kusuka, kuendesha trela, hiyo yote ni kazi ya saisi na saisi aweza kulipwa akabaki ridhaa. Vilevile mtu wa kupigilia kwato vyuma, daktari wa mifugo, jaji, mtangazaji, karani kama mimi. Kinachokutoa ni kulipwa kwa kupanda, kwa kumfunza farasi, au kwa kumfunza mtu kupanda. Na malipo si lazima ziwe noti mkononi, ukipanda farasi za watu halafu ukapunguziwa kodi ya chumba cha farasi wako au ukapewa masomo ya bure, hayo ni malipo, watu wengi hapa ndipo wanapojikwaa wakidhani hawakugusa pesa.

Kwa hivyo kwenye karatasi tajiri wako yuko sawa. Lakini huyo Mmeksiko si mjinga, nina swali kabla sijamaliza: hao farasi unaowapanda ni wa nani?

BabaNeema_LEX

Wa tajiri dada. Asubuhi nawapanda kuwapasha moto wawili watatu kabla wateja hawajafika, siyo kazi yangu rasmi, mshahara wangu umeandikwa usafi na matunzo.

Kikuku_Kimoja

Eeeh. Basi hapo ndipo penye mwiba.

Anayekupa mshahara ndiye mwenye farasi, na wewe wawapanda hao hao farasi wake kila asubuhi, tena wawapasha moto kwa ajili ya wateja wanaolipa. Nani atatenganisha dola ya reki na dola ya tandiko? Mkataba waweza kuandikwa usafi mpaka kesho, mtu akileta malalamiko wataangalia unachofanya, si kilichoandikwa. Na mara nyingi malalamiko hayaletwi na shirikisho, yaletwa na yule uliyemshinda, amekaa kwenye kiti chake pale pembeni mwa uwanja na simu yake, amekupiga video saa moja asubuhi uko juu ya farasi wa shamba. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, mtu alirudisha kila alichoshinda, ikawa aibu kwa shamba zima.

Ushauri wangu: usimwulize tajiri, usimwulize Mmeksiko, na mimi pia usinitegemee. Waandikie USEF wenyewe, eleza kama ulivyotueleza, nani akulipa, kwa kazi gani, nani mwenye farasi, wapanda mara ngapi, kisha weka jibu lao mahali salama. Wewe uko mji mmoja nao, bahati iliyoje. Na kuna njia ya kurudi, mtu aliyekuwa wa kulipwa akikaa mwaka mzima bila kufanya hizo kazi aweza kuomba arudishiwe ridhaa, apeleka barua ya kueleza na barua za watu wanaomjua.

Kingine, sheria hizi ni za shoo zilizo chini ya USEF. Zile shoo ndogo za mtaani za mazoezi kila mmoja ajitungia sheria zake, wengine hawaulizi ridhaa kabisa. Kwa hivyo soma fomu yako huo mwezi ujao ni shoo ya namna gani.

Neema nitamrudia, nina chai jikoni.

SaisiMstaafu

Baba Neema nakusalimu kutoka Nairobi. Nimesoma hii nikacheka peke yangu mke akaniuliza nini. Mimi nimekuwa saisi miaka mingi sana, nilianzia karibu na uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, na hili swali lako ni la zamani kuliko sisi wote.

Hebu niwape hadithi. Olimpiki ya London 1948, kuna ule mchezo wa dresaji, farasi anatembea hatua za madaha kama anacheza ngoma. Sweden wakashinda dhahabu ya timu. Wakati ule sheria ilikuwa afisa wa jeshi ndiye ridhaa, kwa sababu afisa ni bwana mkubwa anapanda kwa kupenda, lakini sajini huyo wanasema ni wa kulipwa, farasi ndiye anamlisha. Sasa mmoja wa wale Waswidi, Gehnäll Persson, alikuwa sajini. Wakampandisha cheo kabla ya michezo ndio acheze, na michezo ikiisha wakamshusha akarudi usajini! Wakubwa wakagundua, 1949 wakawapokonya Sweden ile dhahabu wakawapa Ufaransa. Mtu yule yule, farasi yule yule, hatua zile zile, tofauti ni kitambaa kwenye bega tu. Ikaja Helsinki 1952 sheria ikawa imebadilishwa, sajini wakaruhusiwa, wanawake pia wakaruhusiwa kwenye dresaji, Persson akarudi na timu yake wakachukua dhahabu tena na safari hii hakuna aliyewagusa. Mwaka huo huo ndio Lis Hartel wa Denmark, mama ambaye polio ilimwachia miguu haina nguvu chini ya magoti, akachukua medali ya fedha akishindana na wanaume.

Kwa hivyo mimi nikisikia neno ridhaa kwa mambo ya farasi huwa nakumbuka lilikuwa ukuta wa kumweka saisi nje. Anayemjua farasi zaidi ndiye haruhusiwi kuingia.

Kikuku_Kimoja

Mzee wangu shikamoo, hadithi tamu na ni ya kweli tupu. Ila nitakupinga kidogo kwa heshima. Siku hizi ukuta umegeuka. Leo yule wa ridhaa ni daktari wa meno, ana miaka 52, apanda mara mbili kwa wiki baada ya kazi, akilipa kila kitu kwa mfuko wake. Ukimweka daraja moja na mtu apandaye farasi wanane kwa siku siku sita kwa wiki, daktari atarudi nyumbani na hatakuja tena, na pesa zake ndizo zinazolipa shoo, na mshahara wa baba Neema pia. Daraja lipo kumlinda huyo.

SaisiMstaafu

Marahaba mama. Sikatai. Lakini angalia, daktari wa meno analindwa, saisi anayetaka kujaribu bahati mara moja kwa mwaka anaambiwa ashindane na makocha. Hapo katikati hakuna kitu.

Kikuku_Kimoja

Hapo sina jibu mzee.

Haya Neema. USEF hawahesabu umri kwa siku ya kuzaliwa, mwaka wao waanza 1 Desemba na waisha 30 Novemba. Umri uliokuwa nao 1 Desemba ndio umri wako mwaka mzima. Neema 1 Desemba hii atakuwa bado 17, hata kama mwezi mmoja baadaye afikisha 18, kwa hivyo yeye ni kijana, wanaita junia, mpaka 30 Novemba ya mwaka ujao. Na kama shaka yako ni Septemba ama Januari, fanya hesabu utaona kwa USEF yatoka sawa.

Zile dola ishirini ale kwa amani. Habari ya ridhaa na kulipwa yaanzia utu uzima huo wa 1 Desemba, alichokifanya akiwa junia hakimfuati. Lakini siku akitoka ujunia aamue, ama aendelee kufundisha kwa pesa ahesabiwe wa kulipwa, ama aache kufundisha aingie ridhaa. Kusafisha vyumba abadilishiwe na masomo si neno, hiyo ni kazi ya mikono. Kufundisha watoto abadilishiwe na masomo, hapana, hayo ni malipo ya kufundisha.

Na hayo majina ya fomu, usiyakariri. Kila jina lajibu swali, ama nani apanda, ama farasi ameshaona nini, ama kiunzi kiko juu kiasi gani. Short Stirrup ni kikuku kifupi, kile cha kukanyagia mpandaji, watoto wadogo miguu haifiki, kwa kawaida miaka 12 kushuka. Children's ni watoto na vijana, futi 3, yaani sentimita 91 hivi. Junior ni vijana hao hao chini ya 18 lakini viunzi vimepanda, futi 3 na inchi 3 ama futi 3 na inchi 6. Adult Amateur, watu wazima wa ridhaa, futi 3, na wakiwa wengi wagawanywa kwa umri. Amateur Owner ni ridhaa tena lakini lazima farasi awe wako ama wa familia yako, viunzi kama vya Junior, hapo mfuko ushaingia. Nayo Green si rangi, ni mbichi. Farasi ndiye mbichi, hajashindana vya kutosha, mpandaji aweza kuwa bingwa wa miaka thelathini. Nimeona mgeni amejiandikisha huko akidhani ni daraja la wanaoanza, akajikuta katikati ya makocha watupu, masikini.

Halafu kuna jaji atazama nini. Hanta, farasi ahukumiwa kwa uzuri wa mwendo na adabu zake, hakuna saa. Jampa ni saa na viunzi, ukiangusha mti mmoja makosa manne, basi. Na kuna ile jaji amtazama mpandaji mwenyewe, mgongo, mkono, kisigino, Neema kama ni mzuri wa kukaa mpeleke huko. Fainali ya Maclay, ya mchezo huo kwa walio chini ya 18 tangu 1933, hufanyika hapohapo kwenu Kentucky Horse Park kwenye National Horse Show majira ya vuli, mpeleke aangalie tu kwanza, tazama visigino vyao.

MzeeWaDallas

Mimi nimenyamaza nasoma 😂 kumbe mbichi ni farasi.

Kijana_wa_Amarillo

Naongeza kidogo, hayo ya dada Kikuku ni ya USEF na hanta. Huku Texas kwenye farasi wa aina ya Quarter Horse wenye sheria ni AQHA, chama cha farasi hao, na ni kitabu kingine kabisa, usibebe ridhaa ya kule ukadhani inafanya kazi huku, unaomba upya kwao. Umri wanahesabu 1 Januari siyo 1 Desemba. Vijana kwao ni mpaka 18, siyo chini ya 18. Na wazee mna daraja lenu, Select, kuanzia miaka 50, mjomba wangu anangojea kwa hamu amebakiza miwili.

Kwa hiyo Neema 1 Januari hii anakuwa 18 kamili, bado kijana kwa AQHA mwaka wote. 1 Januari inayofuata ana 19 kwa makaratasi, katoka. Sasa angekuwa na ile Septemba yake ya kweli, siku hiyo angekuwa 18 bado, angepata mwaka mwingine mzima. Karani wa kambi kamla mtoto mwaka.

BabaNeema_LEX

Aisee. Nimemsomea mama Neema hapa kwa sauti, kasema huyo karani yeye anamkumbuka hata sura.

Dada Kikuku Mungu akubariki, umenifungua macho. Nimekwenda kuangalia fomu vizuri, hii shoo ya mwezi ujao ni ndogo ya mashamba matatu ya hapa jirani, chini imeandikwa madaraja yako wazi kwa wote. Basi naingia hiyo ya wazi futi mbili na nusu, nikishindwa nimeshindwa na makocha siyo aibu. Ile barua kwa USEF Neema ananiandikia Kiingereza leo usiku. Na hao farasi wa asubuhi nimemwambia tajiri nasimama kidogo mpaka jibu lije, kanuna, lakini kakubali.

Mama_wa_Columbus

Jamani nimechelewa, lakini baba Neema, binti yako yuko darasa la ngapi na ana farasi wake?

BabaNeema_LEX

La 12 dada. Farasi hana, anapanda wa wateja wakiwa safarini.

Mama_wa_Columbus

Basi mtafutie timu ya IEA kabla mwaka wa shule haujaisha, ni mashindano ya wanafunzi wa darasa la 4 mpaka la 12, farasi analetwa na wenyeji wa shoo, bahati nasibu ndiyo inaamua nani anampata nani. Wangu wawili wamepita huko, hatuna hata punda. Pale unaona nani anajua kupanda maana unakabidhiwa mnyama usiyemjua, humjui tabia, dakika mbili uko uwanjani. Tandiko la kwake, hatamu za kwake, wewe unakuja na kofia na viatu. Nguo unaazima kwa wenzio. Na akienda chuo kuna IHSA, ipo tangu 1967, ni vilevile farasi wa bahati nasibu, na huko madaraja wanakupanga kwa uwezo wako kuanzia anayeanza kabisa, kwa hiyo ile kelele ya nani ana pesa inapungua. Ila mwambie aseme ukweli anapojaza alishawahi kuruka viunzi gani, wangu mmoja alijifanya mgeni ili ashinde kirahisi, kocha akamjua siku ya kwanza kwa jinsi alivyoshika hatamu.

SaisiMstaafu

Hatamu haidanganyi hahaha. Baba Neema siku ya shoo weka picha hapa. Na usuke farasi wako mwenyewe siku hiyo, usimwachie mtu.

BabaNeema_LEX

Nitaweka mzee. Ila farasi siyo wangu, ni wa jirani kaniazima bure kabisa, nimemuuliza mara tatu kama ni bure mpaka akaanza kunishangaa.